Barua kwa mwanangu: mbuzi wa gambuti

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba mama. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ile ya kwanza mama yako alikuwa anakaanga samaki nikawa nasikia mafuta tu. Sisi wazima, mguu wake umepungua kuvimba. Nakujibu kwa kuandika maana mi nikirekodi naanza kuhutubia, na leo umeme wenyewe unakatikakatika, kazi hamna.

Unasema umemnunulia mjukuu wangu, mtani wangu, vitabu vitatu vya picha, vya wanyama vya kuchekesha, kwa wale wauza vitabu vya mitumba Posta. Ukikaa naye kusoma anakupokonya, anafunua harakaharaka mpaka kwenye ukurasa wa mbuzi aliyevaa gambuti, anacheka mpaka anakaa chini, afu anasema tena, na ukirudi mwanzo uanze hadithi anakifunga kitabu, pwaa. Pengwini aliyefunga tai hata hamtazami. Unaniuliza, baba, huyu mtoto hatulii au mi ndo sijui kusoma? Na baba yake anasema wanyama wanaoongea wanamchanganya mtoto.

Hana tatizo huyo. Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu kinachochekesha ni kitu kukaa pasipo pake, na ili ajue si pake lazima kwanza apajue pake. Mbuzi anamjua, si wale wa jirani yenu wanaokula maboksi pale kwenye kona, kila siku anawaona miguu mitupu. Sa akimwona amevaa gambuti kama anaenda kukanyaga zege, kwa nini asicheke? Pengwini hajawahi kumwona wala kumsikia, kwa hiyo pengwini mwenye tai na pengwini asiye na tai kwake ni walewale, hapo umemletea utani wa ukoo mwingine. We usimlazimishe, anza na anaowajua. Paka, kuku, kunguru wa dirishani, mjusi wa ukutani. Wengine mtambulishe kidogokidogo nje ya kitabu. Twiga kwa mfano, mwambie ulimi wake unafika kama nusu mita, umeiva rangi mpaka unakaribia weusi, na anautoa anajilamba nao puani. Mwambie na yeye ajaribu kujilamba pua. Wiki ijayo akikutana na picha ya twiga utaona. (Wewe mwenyewe jua kwamba shingo yote ile ina mifupa 7 tu kama yako, hiyo mwekee akikua.)

Na hiyo tena na tena ndo utamu wenyewe. Ushawahi kuona watu kwenye taarabu? Wimbo wanaujua wote neno kwa neno, na ndo maana wanainuka kwenda kutunza kabla mwimbaji hajakifikia kijembe chenyewe, wanajua kiko njiani. Mtani wangu ndo yuko hapo. Mara ya kwanza mbuzi alimshtua, sa hivi mbuzi ni wake, anachosubiri ni wewe ufike alipofika yeye. Mchunguze, utaona anaanza kucheka ukurasa haujafunuka. Sasa we mtegee. Fika pale, nyamaza kidogo, afu kosea kwa makusudi, sema ehee, huyu mbuzi amevaa kanga ya bibi. Atakupigia kelele, gambuti! Na akishakusahihisha mara mbili tatu atakuachia mwenyewe uende ukurasa wa pili, maana anataka kuona huko utakosea nini.

Kuhusu Kiingereza kilichoandikwa humo wala usisumbuke kutafsiri mstari kwa mstari. We tazama picha useme Kiswahili chako. Hivi unakikumbuka kile kitabu cha dubu? Kilitoka kwenye belo la mitumba la jirani yangu pale Ngamiani, amefungua anatoa masweta akakitupa kwenye kibaraza changu, akasema mpe mtoto. Mi Kiingereza changu kilikuwa kinaishia kwenye namba za vipimo. Nikafungua, dubu amekaa juu ya gogo machozi yanamtiririka, nikasema basi huyu kapotelewa na kiatu. Nikampa na sauti, kiatu changu weee, kiatu changu kiko wapi. Kila usiku kiatu. Kuna siku nimechoka, kazi ya sare za shule imenielemea, nikasema dubu ana njaa nimalize upesi tulale, ukanikalia juu, siyo njaa, kiatu! Mama yako akacheka mpaka akatoka nje.

Afu ukaja kufika darasa la sita, umeanza kujua Kiingereza, siku hiyo ukakichukua ukasoma kwa kidole, ukaniangalia kama nimekurudishia chenji pungufu. Baba, hapa hamna kiatu, huyu dubu ana mafua. Mi nikajifanya natunga uzi kwenye sindano. Lakini usiku nikakusikia unamsomea mdogo wako, na ulimsomea kiatu.

Na rakuni, yule mnyama wa Ulaya na Marekani mwenye weusi kuzunguka macho, nilimwita mnyama wa miwani, mpaka leo sijui wengine wanamwitaje.

Sasa hili la mkwe wangu. Mpe salamu zangu, namheshimu, ila hapa nampinga nusu. Watoto wa Pwani wamekua na wanyama waongeao kabla hawajaona kitabu. Papa anambeba kima baharini anautaka moyo wake, kima anamdanganya, anamwambia sisi moyo tunauacha nyumbani juu ya mkuyu, nirudishe nikauchukue, papa mzima na meno yake anageuka kumrudisha! Hiyo imo ndani ya Kisa cha Punda wa Dobi, ambacho Mzungu mmoja wa misheni, Edward Steere, alikiandika kama alivyosimuliwa Unguja akakichapisha mwaka 1870, mteja wangu mmoja mwalimu ndo alinionyesha. Na bibi yako hakuwa amesoma hiyo chapa, alikuwa nayo kichwani. Sote tumeisikiliza na hakuna aliyeenda pwani kumsalimia papa. Mtoto anajua mchezo. Ukisema hadithi hadithi akaitikia hadithi njoo, kashaelewa mlango umefunguliwa.

Nusu aliyo na haki ni hii, kitabu kinamfanya mbwa awe rafiki wa kila mtu. Mtaani kwenu mbwa wanazurura na kichaa cha mbwa si mchezo, kikishaanza kuonyesha dalili mtu karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mkifika kwa mbwa cheka naye, afu sema, huyu wa kitabuni tunamshika, wa barabarani hatumshiki. Kila mara mseme hivyohivyo, atalishika neno hilo kama alivyoshika la gambuti. Na ikitokea mbwa au paka wowote kamng'ata au kamparura, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni muda mrefu, dakika 15 hivi, muende hospitali siku hiyohiyo.

Kurasa zikichanika chukua selotepu. Usimfiche kitabu juu ya kabati, kitabu cha kabatini ni cha kabati.

Kama vitabu vya dukani vinakushinda bei, kuna tovuti inaitwa African Storybook, mtoto wa shangazi yako alinionyesha, hadithi za picha za bure na Kiswahili kimo. Tulichapisha moja pale steshenari, nyeusi na nyeupe, mama yako akaipaka rangi na kalamu za watoto wa madrasa, kuku akawa wa zambarau. Hiyo tunakuja nayo.

Maana Idi tunakuja, inshallah, tukipata nafasi kwenye basi la asubuhi. Dubu bado yupo, yuko kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo, jalada la mbele halipo na ukurasa wa mwisho umeliwa na mende. Nimemshonea mtani wangu kiatu kimoja kidogo cha kitambaa cha suti, cha kulia. Usimwonyeshe hii barua baba yake, atasema nimeanza kumchanganya mtoto.

Baba yako