Kulisha ndege wa uani wakati wa masika

SWALI: Mvua haikatiki hapa Malindi, na ndege wa uani wanajikunyata tu chini ya makuti. Nawawekea wali uliobaki na mkate juu ya kibao, lakini vinaota ukungu, na kunguru wanawafukuza wadogo. Ulaya wakati wa baridi watu huwatundikia madonge ya mafuta na mbegu. Nami niyatengeneze?

JIBU: Madonge achana nayo. Kule theluji hufunika ardhi, usiku ni mrefu, na ndege mdogo huchoma mafuta ya mwili ili asife kwa baridi. Kwa joto letu mafuta yatalainika, yachache na kuwagandama manyoya. Na manyoya yenye mafuta hayazuii mvua.

Wali wenye chumvi na mkate uache pia. Weka uwele au mtama mkavu, vijiko viwili vya chakula asubuhi, viishe kabla ya adhuhuri. Vikibaki, ondoa, na kesho punguza. Mahindi na karanga zilizoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, nayo huharibu ini la ndege kama la kuku.

Kasoro kubwa ni hicho kibao: kinatuamisha maji. Tengeneza fremu ya mbao, sentimita 30 kwa 30, ukaze chini yake wavu wa dirisha wa kuzuia mbu. Maji hupita, punje hubaki. Kisha iweke katikati ya kizimba cha waya chenye upana wa sentimita 70 na matundu ya sentimita 4. Mnana na shomoro watapenya, kunguru hapenyi. Usikipunguze kizimba: fremu ikikaribia waya, kunguru ataingiza mdomo na kula akiwa nje. Tetere naye atabaki nje, lakini huyo anajua kujitafutia. Ezeka kwa bati linalochomoza pande zote, na upande wa kusini uzibe kabisa, kwani mvua ya kusi huja kwa mshazari.

Kitundike mita moja na nusu kutoka chini, mbali na vichaka anamojificha paka. Shore hali sana nafaka. Mchomekee kipande cha papai bivu.

Ila kwa kweli masika huleta wadudu na mbegu za majani tele. Shida hasa ni wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, na hapo kinachokosekana ni maji. Bakuli pana la udongo, maji ya kina cha sentimita 3, jiwe katikati. Yamwage na ulisugue bakuli kila siku, la sivyo utafuga mbu wa dengi.