Kabla ya kupeleka mahojiano ya makurutu mahakamani

Mnaoanza uanagenzi wa uwakili mwaka huu, kesi za makurutu zitawafikia tu. Usajili ukiisha, kijana atakuja ofisini na bahasha ya kaki. Atawaambia alikimbia vizuri, meno yako yote, urefu unatosha, halafu akaangushwa kwenye mahojiano. Msikimbilie kuandika kwamba mahojiano yanavunja Katiba ya Kenya. Hayavunji. Jaji naye hatakalia kiti cha jopo amsahihishie mtu alama upya. Tafuteni sharti la mahojiano lilitoka wapi, na wanaoomba kazi waliambiwa lini.

Mimi nilijifunza haya kwa aibu. Kesi yangu ya kwanza ya namna hii ilihusu kikosi fulani cha sare. Tangazo lilitaja vyeti, afya na mbio. Siku yenyewe, waliomaliza mbio, jasho halijakauka, wakaingizwa hemani mmoja mmoja mbele ya jopo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Nikaandika kurasa na kurasa juu ya usawa, Kifungu cha 27 kimejaa kila mahali. Jaji akauliza: "Wakili, tangazo liko wapi?" Nilikuwa nimeambatisha picha ya skrini ya simu ya mteja, sehemu ya tarehe imekatwa, bila cheti cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Wakili wa serikali hakuchukua hata dakika tano.

Siku hizi naanza na barua. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinawapa nafasi ya kuomba karatasi za alama, mwongozo wa kuzitoa na kanuni iliyoruhusu mahojiano hayo. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Karatasi zikija, zikalieni na kikombe cha chai: alama iliyofutwa ikaandikwa nyingine juu yake, wanajopo watatu wenye mwandiko mmoja, jumla isiyojumlika. Ombeni pia sababu za maandishi za kumkataa mteja. Wakikaa kimya, Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inairuhusu mahakama ichukulie kwamba hawakuwa na sababu nzuri, mpaka wathibitishe vinginevyo. Kama kuna rufaa ya ndani, pitieni huko kwanza, la sivyo mtafukuzwa mlangoni.

Isomeni kesi ya 2014 ya IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, yote, si muhtasari. Mamlaka hiyo ilipeleka watu wake vituoni siku ya usajili wa polisi, 14 Julai, wakaandika walichokiona. Ndiyo maana Mahakama Kuu ikabatilisha usajili wa makurutu 10,000. Baada ya shambulizi la kigaidi la Garissa, Aprili 2015, Rais aliagiza vijana hao waripoti mafunzoni, lakini mwezi uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi wa kwanza. Nadhani hoja tamu pekee, bila zile ripoti za vituoni, zisingehimili presha hiyo.

Humo humo mtaona mamia ya waliochaguliwa wakiingia kwenye kesi kujitetea. Nao wana mama zao na madeni yao, kwa hiyo amueni mapema kama mnataka zoezi zima lifutwe au nafasi ya mteja wenu tu.

Na mwambieni mteja ukweli siku ya kwanza: akishinda, hapewi sare. Huenda akarudishwa uwanjani kukimbia upya. Wangu alikuwa amebakiza miezi michache afike kikomo cha umri, na mimi sikuwa nimeuliza. Angalieni kitambulisho kabla ya kuandika maombi, na kama miaka inamkimbia, ombeni wazi kwamba umri wake uhesabiwe kama ulivyokuwa siku ya tangazo.