Usiitupe hiyo picha ya kijiji, angalia nyumba kwanza

Mkuu umeuliza kama ile picha ya kijiji aliyoacha mzee wako sebuleni ina maana yoyote au ni pambo la watalii tu. Mimi nachora vijiji kwa mtindo wa tingatinga hapa Oysterbay, Dar, mwaka wa 19 huu, nilifundishwa na mjomba, kwahiyo nakujibu kwa ninachokijua.

Umesema nyumba zimepangwa mistari miwili na barabara katikati. Hapo ndo penyewe! Zamani kwetu kusini watu walikaa mbalimbali, kila mtu na shamba lake, jirani yako yuko ng'ambo ya mto huko. Mistari imekuja na vijiji vya ujamaa, na ile Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 mpaka 1976 watu walihamishwa kwa mamilioni, wengine kwa nguvu kabisa, bibi yangu mpaka anakufa alikuwa anaitaja miembe yake aliyoiacha ikiwa inazaa. Mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeanzisha uchoraji huu, mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar 1968 na rangi za mafuta za dukani kwenye vipande vya hadibodi, akafariki 1972, hayo hakuyaona. Waliomfuata ndo waliyaona.

Kingine angalia mwanamke kabeba nini kichwani. Kwenye kazi za mjomba nimeuona mfululizo wote, mtungi, debe, ndoo ya plastiki, mwisho dumu la njano la mafuta ya kula. Na likija dumu mwili wote unabadilika, maana mtungi unatulia kwenye kata, ile nguo ya kuviringisha kichwani, mama anatembea mikono huru shingo imenyooka, dumu ukililaza kichwani linataka mkono mmoja ulishike, kwahiyo bega moja linapanda. Mchoraji asiyewahi kuliona hilo anachora dumu kama mtungi, unamjua hapohapo.

Mimi mwenyewe nilikosea hivyohivyo. 2009 nilichora wanawake watatu wanatwanga kinuni, nikampelekea mama Masasi, akaniuliza "baba, nani anatwanga hapa siku hizi na mashine ile pale?" Niliumia sana. Nikarudi nikachora foleni ya mashine ya kusaga, ndoo za mahindi zimepangwa chini zinashika nafasi, wenyewe wamekaa kivulini, binti mmoja simu kaichomeka kwenye mtandio anaongea huku anasuka mwenzie. Mwenye duka aliyekuwa anachukua mzigo wetu akaikataa, akasema mzungu anataka kinu hataki mashine. Aisee hiyo ndo inayoniuma mpaka leo, vinu vimeuzwa mamia na vimeenda Ulaya, foleni ya mashine iko kwangu Mbagala ukutani na ndo kazi yangu ya kweli kuliko zote.

Kwahiyo wanaosema picha hizi ni uongo mtupu wana haki nusu, soko linataka kijiji kisichozeeka. Ila ya mzee wako ina mistari ya nyumba, na mnunuzi wa nje hakuwa na sababu ya kuiomba mistari. Hiyo aliitaka mchoraji.

Ishushe ukutani taratibu, usiifute kwa maji, igeuze uangalie mgongo wa ubao, wazee wengi waliandika jina huko. Piga picha uiweke hapa tuione.