Resurrection of Evil na Doom 3 ya kwanza

Unauliza kama Resurrection of Evil, ile gemu ya kompyuta, inafunguka bila Doom 3 ya kwanza. Peke yake haifunguki, boss. Ile ya PC ya 2005 ni nyongeza tu, lazima Doom 3 yenyewe iwe imewekwa kwanza. Mimi nilinunua diski ya nyongeza pekee hapa Kondele nikaenda nayo nyumbani nikitabasamu, kumbe nimebeba kifuniko bila sufuria. Ya Xbox ya zamani, ile mashine ya gemu, ndiyo ilijitegemea. Ukipata BFG Edition, toleo jipya la Doom 3 la 2012, zote mbili zimo, na tochi wameifunga kwenye vazi la askari. Kwa ile ya zamani unachagua: ushike tochi au ushike bunduki, na hapo ndipo roho inaruka.

Si lazima umalize ya kwanza, maana askari ni mwingine na hadithi inaanza miaka miwili baadaye, huko huko Mirihi. Lakini usikose ule mtambo wa kunyakua: imp, yule shetani wa gemu, akikurushia mpira wa moto, unaudaka hewani unamrudishia mwenyewe. Raha tupu!

Na ubonyeze F5 kila mara kusevu. Stima za huku unazijua.