Mbwa akisimama, nawe simama: niliyojifunza nikiwinda walabi Waimate

Ndugu zangu wa nyumbani wakiona picha za walabi huniuliza swali lile lile: mnyama mzuri hivi, unamwindaje? Nawaelewa. Walabi ni jamaa ya kangaruu, ila mdogo, na dume kubwa la aina ya Bennett tuliyo nayo huku hufika kilo 20 na zaidi. Lakini si mwenyeji wa New Zealand. Aliletwa kutoka Tasmania, kisiwa cha Australia, akaachiwa kwenye milima ya karibu na mji wa Waimate mwaka 1874. Hakukuta mnyama wa kumla, akazaana. Anamaliza malisho ya kondoo, anatafuna miche ya msitu hadi msitu unashindwa kuota upya, na ameshavuka Mto Waitaki kuingia mkoa wa Otago. Tangu 2020 serikali ina mpango wa nchi nzima wa kummaliza. Mimi nafanya kazi kwenye shamba la kondoo. Asubuhi nikikuta majani yaliyofyekwa pembezoni mwa kichaka, najua nani alikula usiku.

Anayeanza hukosea kwa kumdhania walabi ni kama swala, kwamba ukimtisha atatimka uwanjani umwone. Walabi ni mnyama wa kujificha. Mchana kutwa hulala chini ya kichaka cha miiba au katikati ya nyasi ndefu, na jua likizama ndipo hutoka kula, bila kwenda mbali na maficho yake. Kwa hiyo usianze kwa kutazama mlima, tazama chini. Utaona vijia vyembamba vinavyoingia vichakani, na vikifika kwenye uzio, pana mahali ardhi imelainika kwa kupitwa, na manyoya ya kijivu yamenasa kwenye waya wa chini. Hapo ndipo mlangoni kwake.

Akikusikia, mara nyingi hakimbii. Anaganda. Unaweza kumpita hatua tano usijue. Akiona mambo yamezidi, hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma, kishindo kizito kimoja, na walabi wa jirani wameshapata habari. Kisha anatoka kwa kasi. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipopoteza misimu miwili: haendi mbali. Nimeona mara nyingi akiruka mpaka nyuma ya mgongo wa kilima, anapunguza mwendo, anazunguka, anarudi karibu na pale alipokurupushwa. Hapendi kuacha eneo analolijua. Ukimkimbilia, wewe na mbwa mnamfundisha tu kwenda mbali zaidi.

Mbwa wangu wa kwanza alikuwa na mbio kuliko mbwa wote wa shamba, nami nilijivunia. Siku moja nilimfungulia akamfuata walabi, akapotea bondeni saa mbili nzima. Alirudi sikio limechanwa na miiba, ulimi nje, na mlima ule ulikaa kimya karibu wiki. Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha kufuata kabla sijamfundisha kuacha. Leo mtoto wa mbwa nikimpata, miezi yake ya kwanza haoni walabi kabisa. Anajifunza kuja akiitwa, kulala chini, na kupita katikati ya kondoo bila kugeuza shingo. Mbwa anayefukuza kondoo hana nafasi huku, na mwenye shamba hatakukaribisha tena.

Kito, mbwa niliye naye sasa, hafanyi kazi zaidi ya hatua 30 kutoka nilipo. Tunapanda upepo ukitupiga usoni. Pua ikiwa chini na mkia unatikisika, anasoma njia ya jana, siharakishi. Lakini kichwa kikiinuka, mdomo ukafumbwa, mkia ukatulia, harufu inakuja na upepo, na mnyama yupo. Anapunguza hatua. Mwishowe anasimama mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, na naona ngozi ya mabega yake ikitetemeka. Nami nasimama. Namwambia "lala" kwa sauti ya chini, na bunduki haiinuki mpaka tumbo lake liwe limegusa ardhi. Walabi akitoka kabla sijawa tayari, tunabaki pale pale kimya, macho kwenye kijia. Mara nyingi anarudi.

Jambo hili nalisema kwa uzito: ukimpiga jike, angalia papo hapo mfuko wake wa tumboni anamobebea mtoto. Mara moja sikuangalia. Nilikuwa nafuata mwingine, na niliporudi nikamkuta mbwa amekaa kando ya mzoga, kichwa amekiinamisha, anatazama mfuko unaocheza. Kitoto kilikuwa hai, hakijaota manyoya, kimeng'ang'ania chuchu. Sheria hairuhusu kumfuga walabi, na kitoto kile kisingeishi bila mama. Nilikimaliza haraka. Tangu siku hiyo mkono wangu huingia kwenye mfuko kabla sijafanya jambo lingine lolote, ili kisiteseke.

Leseni ya silaha na ruhusa ya mwenye ardhi ni lazima, hilo halina mjadala. Linalowaua mbwa wengine ni sumu ya 1080, inayotumika kuangamiza wanyama waharibifu. Mbwa akila mzoga wa mnyama aliyekufa kwa sumu hiyo, hakuna dawa ya kuizima. Soma mabango kwenye kila lango, na kama kuna tangazo la sumu, mbwa abaki nyumbani. Mpe pia dawa ya tegu kila mwezi, kwa kuwa mbwa hueneza minyoo inayoharibu nyama ya kondoo, na wafugaji wengi huuliza kabla ya kukufungulia geti.

Tukirudi jioni, kabla sijavua buti, Kito hulala chali kwenye zulia la mlangoni na kunipa miguu mmoja mmoja. Napitisha kidole katikati ya vidole vyake nikitafuta miiba. Mguu wa nyuma wa kushoto huwa nayo mingi zaidi, sijui kwa nini, na huo ndio anaoutoa wa mwisho.