Orodha ya wapiga kelele niliichana

Kila aliyesoma shule ya msingi nchini kwetu anaijua ile karatasi. Mwalimu anatoka, kiranja anasimama mbele na ukurasa uliochanwa katikati ya daftari, anaandika juu kabisa WAPIGA KELELE, kisha anaanza kuzungusha macho. Mwalimu akirudi anakabidhiwa. Majina yanasomwa, mikono inanyooshwa, fimbo inapita. Waliotia fora huwekewa alama ya kujumlisha mbele ya jina, maana yake wapewe nyongeza.

Miaka yangu minne ya mwanzo nilifundisha kwa karatasi hiyo. Nilishuka stesheni ya Kigoma mwaka 2013, ajira mpya, begi moja na ndoo, nimetokea Muheza. Shule niliyopangiwa iko upande wa ufukweni, mwendo wa miguu kutoka Kibirizi, na upepo ukigeuka darasa zima linanuka dagaa wanaoanikwa. Nilikuta darasa la sita lina watoto 64 nikaona ni wengi mno. Sikujua yanayokuja. Mpango wa elimu bila malipo ulipoanza Januari 2016, darasa la kwanza lilifurika hadi watoto wakakaa sakafuni, na wale wale waliponifikia darasa la tano mwaka 2020 walikuwa 112 kwenye chumba kimoja, madawati 31. Nayasema haya mapema ili mwalimu mwenzangu usije ukafikiri nakushauri kutoka kwenye darasa la watoto ishirini na pazia dirishani.

Kilichonitoa kwenye karatasi ile ni msichana mmoja, mwaka 2017. Mpole, anakaa kiti cha pili kutoka dirishani, sauti yake hata ukimuuliza swali unalazimika kumsogelea. Wiki hiyo jina lake lilitokea mara tatu, mara mbili na alama ya kujumlisha. Nikamchapa mara zote tatu. Mara ya tatu alirudi kwenye dawati, akashika kalamu kwa mkono ulioachwa salama, akaendelea na sehemu zake za desimali. Saa nne, wakati wa mapumziko, wenzake wawili wakanifuata nyuma ya ofisi. "Madamu, yule hana mia."

Ndipo nikaelezwa bei. Jina kufutwa ni nusu andazi. Alama ya kujumlisha kuondolewa ni shilingi mia. Siku ya gulio bei hupanda.

Kiranja nilimwita nikiwa nimekasirika kweli kweli, halafu nilipomtazama nikaona namtazama mtoto wa miaka kumi na mbili aliyepewa mamlaka ya polisi na hakimu kwa siku moja, akafanya ambalo wakubwa wengi hulifanya. Kalamu nilimpa mimi. Fimbo nilishika mimi.

Na fimbo yenyewe, tuseme ukweli, sikuwa na ruhusa nayo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi: ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari lake. Mimi sikuwahi kuteuliwa kwa maandishi na mtu yeyote. Ukiuliza ofisini leo, wengi watakuambia wanaijua kanuni ile. Uliza lile daftari liko wapi.

Kesho yake niliichana orodha mbele ya darasa. Nikadhani nimefanya jambo kubwa. Wiki iliyofuata darasa lilikuwa soko la Kibirizi alfajiri mitumbwi inapofika.

Hapa ndipo walimu wengi hurudia fimbo, na siwalaumu. Ukiondoa kitu kilichoshikilia paa lazima uweke kingine, na mimi nilikuwa sijaweka. Wenzangu ofisini wakaanza utani: madamu kawadekeza, watoto wa huku hawaendi bila fimbo. Neno hilo la "watoto wa huku" nimelisikia kwa walimu wa kila mkoa ninaokutana nao, kila mmoja akidhani wa kwake tu ndio wagumu.

Nilianza na majina. Ni kazi ya kuchosha kuliko inavyosikika. Nilichora darasa kwenye daftari, kila dawati kisanduku, nikawa nakariri majina kumi kwa siku wakati wa kusahihisha. Wale 112 wa mwaka 2020 walinichukua karibu wiki tatu. Sababu si mapenzi tu. Ukisema "wewe pale nyuma, nyamaza," watoto kumi na watano wanageuka kuangaliana na kelele inaongezeka. Ukitaja jina moja kwa sauti ya kawaida, anageuka mmoja. Nenda mbele zaidi: taja jina hilo hilo mara mbili kwa wema kabla hujalitaja kwa kukemea. Mtoto anayesikia jina lake kwenye makosa tu, atalitafutia makosa.

Halafu mlangoni. Badala ya kuingia nikiwakuta wamesimama wanaimba "shikamoo mwalimu" kwa mkokoto ule tunaoujua sote, nikaanza kutangulia na kusimama mlangoni wakati wanaingia. Kila mmoja anapita, ananiamkia, namwitikia yeye. Inachukua dakika nne. Katika dakika nne hizo unaona nani amelia, nani hajala, nani ameficha mkono. Nusu ya matatizo ya siku huwa yanapita mbele yako pale mlangoni yakiwa bado madogo.

Jambo lililonipa shida kuliko yote lilikuwa kuchekana. Kigoma ina hili la kwake. Watoto wa Ujiji na mjini wamezaliwa na Kiswahili, babu zao walikuwa wakikizungumza tangu enzi za misafara, na wanajua hivyo. Mtoto aliyehamia kutoka vijiji vya Kasulu au Buhigwe amelelewa kwa Kiha, anasimama kujibu anasema "kurara" badala ya "kulala", na darasa zima linaanguka. Siku ya pili hasimami tena. Mwezi wa tatu unaambiwa mtoro.

Nilikemea, haikusaidia. Kilichosaidia ni aibu yangu mwenyewe. Asubuhi moja nikaingia nikawasalimu "mwakeye", salamu ya Kiha niliyofundishwa na jirani yangu, kwa lafudhi yangu ya Muheza. Walicheka hadi wengine wakalala kwenye madawati. Nikawaacha wacheke wamalize. Kisha nikamwita yule wa Kasulu aje mbele anisahihishe, akanirudisha mara tano hadi nikapatia, na wale wa Ujiji nao wakajaribu, wakachapia. Siku hiyo Hisabati tulianza tumechelewa dakika kumi na sijawahi kuzijutia. Baada ya hapo tuliandika pamoja kwamba anayekosea hachekwi mpaka na yeye acheke kwanza. Maneno hayo ni yao, nisingeyafikiria.

Kuhusu kuandika sheria za darasa na watoto, nikuonye. Waulize, lakini jiandae. Nilipouliza mara ya kwanza, mapendekezo yalikuwa: apige magoti juani, achote ndoo ishirini, afyatue matofali, asirudi hadi aje na mzazi. Watoto ni wakali kuliko sisi kwa sababu wamejifunza kwetu. Nikasema adhabu tuziache kwanza, tuandike tunachotaka kionekane. Tulipata mistari minne, imebandikwa kando ya ubao kwa gamba la boksi. Mstari wa tatu unanihusu mimi: mwalimu akichelewa anaomba radhi. Nimeomba radhi mara nyingi, ikiwemo siku pikipiki ilipopata pancha Gungu na nikafika na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Kelele nyingine haina uhusiano na nidhamu, ni upungufu wa kazi. Watoto wenye kasi humaliza maswali matano wakati wa nyuma hawajanakili la kwanza. Kelele inaanzia kwa hao waliomaliza. Siku hizi kona ya kulia ya ubao ni yao, maswali mawili magumu yanayosubiri, na anayeyapata anakuwa msaidizi wa safu yake, anazunguka na kalamu ya risasi. Mvua nayo ina mpango wake. Kuanzia Novemba hadi Aprili ikishuka kwenye bati huwezi kusikia hata unachofikiri, na nilikuwa nikipaza sauti hadi koo kukauka. Sasa nina kazi ya mvua: boksi la kadi za maswali, wanagawana kimya, wanafanya wawili wawili, nami nazunguka kusahihisha. Wamefika mahali wanaangalia mawingu na kuuliza, "Madamu, leo tutatoa boksi?"

Sasa nifike kwa kijana aliyenifundisha zaidi ya wote, maana makala hii ningeweza kuiandika kuhusu yeye peke yake.

Alikuwa analala. Hasinzii, analala, mdomo wazi. Nilimsimamisha akalala amesimama, kichwa ukutani. Nilimtuma kunawa uso akarudi akalala na maji yanachuruzika shingoni. Nikadhani ni dharau. Kisha wiki nzima akawa macho, mchangamfu, mkono juu, halafu akarudia. Nikaanza kuweka nukta kwenye rejista siku anazolala. Miezi miwili baadaye niliziangalia zile nukta nikiwa nimekaa barazani usiku, mwezi ukiwa mpevu, ziwani hakuna hata taa moja, na akili ikanijia.

Wenyeji mnacheka, najua. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: taa zinawashwa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikikolea taa hazina kazi, na mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Giza likirudi ziwa linawaka taa kama mji. Kijana wangu alikuwa analala gizani na kuamka mbalamwezi, miaka minne naishi hapa na sikuunganisha.

Nilikwenda kwao Jumamosi. Mama yake alikuwa anageuza dagaa kwenye kichanja. Nikamwamkia, akaniita mwanangu, nikamsaidia kugeuza kabla sijasema lolote. Usianze na malalamiko kwa mzazi aliyeshika kazi. Akaniambia baba wa kijana hayupo, mjomba ndiye mwenye chombo, na giza likiingia kila mkono unahesabiwa. Sikumwambia kuwa ni kosa; anajua. Tulimwita mjomba. Ilichukua ziara tatu na maneno mengi, na tulichokipata hakikunifurahisha kikamilifu: usiku wa kuamkia siku za shule asiende majini, aje ufukweni jioni ya Ijumaa na Jumamosi tu. Waliitimiza kwa sehemu kubwa. Zipo siku hawakuitimiza, na siku hizo alikuja akanong'ona mlangoni, "Madamu, jana nilienda," nami nikamwacha alale kipindi cha kwanza na kumpa kazi yake saa ya mapumziko.

Kunong'ona kule ndiko ninachokitafuta. Chini ya fimbo asingeniambia.

Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, yeye alikuwa ameshamaliza kwetu zamani, lakini watoto wengine wa aina yake, wa kwenda majini usiku, walikuwepo. Wote macho. Na njaa. Utulivu wa darasa kwa wiki zile haukuwa wa kujivunia hata kidogo. Watoto walikuwa kimya kwa sababu ya tumbo. Tangu hapo darasa likitulia ghafla mno naanza kuuliza.

Yapo niliyoshindwa. Kuna wavulana wawili walipigana kwa bikari, mmoja akachomwa bega, na hapo sikuita mazungumzo ya mduara. Nilimpeleka aliyeumia zahanati, mwingine nikamkabidhi kwa mwalimu mkuu, wazazi wakaitwa, likaandikwa. Heshima haina maana ya kuacha mambo yapite. Mtoto akivunja ulinzi wa mwenzake, simamisha, ita wakubwa, andika. Ila makosa ya kawaida, kelele, kuchelewa, daftari lililosahauliwa, nayamalizia nje ya mlango, chini ya mwembe, sisi wawili. Mtoto ukimkemea mbele ya 112 atakujibu kwa ajili ya wale 111.

Na darasa la mwaka 2019 sikuliweza kabisa, nadhani kwa sababu nililipokea katikati ya mwaka nikaruka majina, nikaruka mlango, nikaenda moja kwa moja kwenye mada nikiogopa mtihani. Hadi Novemba walikuwa wananitii nikiwatazama tu.

Kiranja ninaye bado. Kazi yake sasa ni kuhesabu kadi za boksi la mvua na kuniambia nani hajafika. Karatasi hana.

Kalenda yangu ya andalio la somo nimeichora duara ndogo kwenye tarehe za mbalamwezi. Mada ngumu naziweka humo kadiri ratiba inavyoruhusu. Wiki hii ni giza, kwa hiyo kesho kipindi cha kwanza ni marudio tu, na dawati la mbele karibu na dirisha nimeliacha wazi kwa yeyote atakayekuja amechoka.