Paka anaposakamwa na mwiba wa samaki

Paka wangu alisakamwa na mwiba wa mgebuka jioni moja nikiwa uani naosha vyombo, hapa Kigoma mjini. Mama mkubwa akaniambia, "Mwanangu, mpe tonge la ugali, utashuka tu," kwa kuwa ndivyo tunavyofanya sisi watu mwiba unapotukwama. Nikajaribu kumlisha kwa nguvu, na kosa hilo sitaki mwenzangu alirudie: mnyama anayehangaika kuvuta pumzi hawezi kumeza, na tonge huweza kuziba nafasi ndogo ya hewa iliyosalia.

Kwanza sikiliza. Paka anayekohoa kwa sauti bado anapitisha hewa, kwa hiyo mwache akohoe huku ukimwangalia. Anayetaka kutema manyoya naye hujikunyata, hunyoosha shingo na kukohoa, kisha hutulia. Wa kuhofia ni yule ambaye sauti imemkatika, mate yanamchuruzika na fizi zinageuka rangi ya samawati.

Wangu alikuwa bado analia, huku akijiparura mdomo kwa miguu ya mbele. Tulimviringisha ndani ya kanga hadi shingoni, mama mkubwa akamshika, nami nikamulika tochi kinywani: mwiba ulikuwa umekingama kwenye kaakaa, kati ya magego. Niliuchomoa kwa kibano. Kama nisingeuona, nisingeingiza kidole, maana kidole husukuma kitu ndani zaidi. Ukikuta uzi, usiuvute hata kidogo, kwa sababu ncha ya pili huenda imefika tumboni, na uzi unaovutwa huweza kukata utumbo.

Hewa ikiwa haipiti kabisa, mshike mgongo wake ukiegemea kifua chako, kisha msukume haraka mara nne au tano chini kidogo ya mbavu, kuelekea ndani na juu, kwa nguvu ya kiasi kwani mbavu zake ni nyembamba, na utazame kinywa tena.

Hata akipona papo hapo, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwani koo lililochubuka huweza kuvimba baadaye. Nawe akikung'ata, kama alivyoning'ata mimi, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo, kwa maana paka naye huambukiza kichaa cha mbwa.

Siku hizi vichwa vya migebuka navitupa kwenye ndoo yenye mfuniko, na paka namchambulia minofu kwa vidole vyangu.